Kipara cha kovu: Jibu hutafutwa ukingoni, si katikati

KIPARA kinachoanzia utosini na kupanuka polepole kama duara ni jambo ambalo wanawake wengi hulificha chini ya kilemba, wigi au rasta kwa miaka kadhaa kabla ya kumwona daktari. Wengine hudhani ni mapunye, wengine husema ni umri, na wengi humlaumu msusi. Kwa maradhi mengi ya nywele kusubiri huko si hasara kubwa, kwani mzizi hubaki hai chini ya ngozi na nywele zinaweza kuota tena. Lakini lipo kundi moja la maradhi ambalo kusubiri ndiko kunakoharibu: yale yanayoua mzizi wenyewe na kuacha kovu mahali pake.

Ndani ya ngozi ya kichwa kila unywele umekaa katika kifuko chake. Katika sehemu ya juu ya kifuko hicho, pale kilipojishikiza kimsuli kidogo kinachosimamisha unywele, zipo seli mama zinazotengeneza unywele mpya kila ule wa zamani unapodondoka. Chembe za kinga za mwili zikiivamia sehemu hiyo, seli mama hufa, tezi ya mafuta iliyo jirani hutoweka, na nyuzi za kovu huziba nafasi. Hakuna mafuta ya saluni wala kitunguu saumu cha kupaka kitakachoamsha kilichokwisha kufa.

Ugumu wa daktari ni kwamba maradhi ya kundi hili ni mengi na kwa macho hufanana: ngozi inang'aa, vitundu vya nywele havionekani. Inaweza kuwa lupasi, inaweza kuwa likeni ya nywele, inaweza kuwa ule upara wa kovu unaoanzia utosini ambao huwapata zaidi wanawake wenye asili ya Afrika. Hata fangasi wa kichwani, akiachwa mpaka jipu likatokea, huacha kovu. Mwaka 2001 wataalamu wa nywele waliokutana katika Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, waliyapanga maradhi haya kwa aina ya chembe zinazoonekana kwenye hadubini zikishambulia kifuko cha unywele, si kwa sura ya kipara. Zipo yanakotawala limfosaiti, zipo yanakotawala neutrofili zinazohusishwa na usaha, na zipo yaliyochanganyika. Tofauti hiyo ina uzito katika tiba. Kundi la kwanza hutibiwa kwa dawa za kutuliza kinga, kama sindano za steroidi kichwani au haidroksiklorokwini. Kundi la pili huhitaji viuavijasumu, mara nyingi kwa majuma mengi.

Ndiyo maana huchukuliwa kinyama, yaani kipande kidogo cha ngozi ya kichwa. Na hapa ndipo makosa hutokea. Mgonjwa huonyesha katikati ya kipara, pale panapomuumiza moyo, na daktari asiye makini hukata hapo hapo. Maabara hupokea kovu tupu na kujibu kwamba ni kovu, jambo ambalo mgonjwa alikwisha kulijua. Vita vinapiganwa ukingoni, kwenye nywele ambazo bado zimesimama lakini ngozi yake inawasha, ina wekundu au magamba.

Baada ya ganzi, daktari hutumia kisu cha mviringo chenye upana wa milimita 4 na kuzama hadi kwenye mafuta yaliyo chini ya ngozi. Sharti akifuate kwa mshazari kifuko cha unywele, ambacho kwa Mwafrika hupinda chini ya ngozi kama unywele wenyewe. Akizamisha wima hukata mizizi vipande na kuacha sehemu inayotakiwa. Kwa kawaida huchukuliwa vipande viwili. Kimoja hupasuliwa kwa urefu, kingine kwa upana, mtindo ulioenea baada ya mtaalamu wa Marekani, John Headington, kueleza faida zake mwaka 1984. Kipande kilichopasuliwa kwa urefu huonyesha nywele chache tu. Cha upana huzionyesha zote, kama visiki vya shamba lililofyekwa kwa mkupuo mmoja, nazo huhesabika. Kuhesabu kwenyewe kuna mtego: utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 1999 ulipata wastani wa nywele takriban 22 katika kipande cha namna hiyo kwa watu weusi wenye afya, dhidi ya 36 kwa weupe. Anayetumia kipimo cha weupe anaweza kumtangazia ugonjwa mtu mzima.

Katika upara wa utosini, hadubini huonyesha matabaka ya kovu yaliyozunguka unywele kama maganda ya kitunguu, na wakati mwingine nywele mbili zilizoungana katika ala moja mithili ya miwani. Lupasi hujitambulisha kwa chembe zilizojikusanya ndani zaidi, kuzunguka mishipa ya damu na tezi za jasho. Fangasi hutafutwa kwa rangi yake maalumu.

Msusi naye amebebeshwa lawama kuliko anazostahili, ingawa si zote zimuondokee. Mwaka 1968 madaktari wa Marekani waliuhusisha upara wa utosini na chanuo la moto. Lakini utafiti wa mwaka 2019 ulikuta mabadiliko katika jeni iitwayo PADI3, inayosaidia kuunda unywele, kwa takriban robo ya wanawake 58 waliochunguzwa. Kwa upande mwingine, utafiti wa Cape Town wa mwaka 2007 ulikuta karibu theluthi ya wanawake wana upara wa kuvutwa nywele, ambao ukidumu nao huishia kwenye kovu, hasa kandokando ya paji la uso.

Nyuzi za kidonda hutolewa baada ya siku 7 hadi 10. Tiba ikianza, daktari hatazamii nywele mpya katikati ya kipara. Hupima upana wake, hupiga picha, na baada ya miezi kadhaa hupima tena. Ukingo ukiwa umebaki pale pale, dawa inafanya kazi.