Fahamu Namna ya Kutambua Kizazi cha Kichakataji Kabla ya Kununua Kompyuta ya Mezani

Mnunuzi wa kompyuta ya mezani iliyokwishatumika mara nyingi huelezwa jambo moja tu: kwamba ni "Core i5" au "Core i7". Maelezo hayo hayatoshi. Majina hayo hutaja daraja la kichakataji, yaani prosesa, bila kuonesha umri wake. Kompyuta ya Core i7 inaweza kuwa na kichakataji cha mwaka 2011 au cha mwaka 2021.

Kwa vichakataji vya Intel Core vya mfululizo huo, kizazi hutambuliwa kwa namba iliyo baada ya kistari. Ikiwa na tarakimu nne, hutazamwa tarakimu ya kwanza: i7-2600 ni cha kizazi cha 2, na i5-8400 ni cha kizazi cha 8. Ikiwa na tarakimu tano, hutazamwa mbili za mwanzo. Hivyo i5-10400 ni cha kizazi cha 10. Namba ya tarakimu tatu, kama i5-650, ni ya kizazi cha 1. Hata hivyo, vichakataji vipya vya Core Ultra navyo vina tarakimu tatu, hivyo visichanganywe na vile vya zamani.

Tofauti ya vizazi ina uzito. Kichakataji i7-2600 kina viini vinne, ilhali i5-8400, licha ya kuwa cha daraja la chini, kina viini sita.

Aidha, lipo suala la usalama. Kampuni ya Microsoft ilihitimisha huduma ya kawaida ya masasisho ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba, 2025. Windows 11, pamoja na masharti yake mengine, kwa ujumla huhitaji kichakataji cha Intel cha kizazi cha 8 au zaidi. Mwenye kompyuta ya kizazi cha chini ya hapo hubaki na mfumo usiozibwa mianya ya kiusalama, au hulazimika kutafuta mfumo mwingine.

Kabla ya kulipa, mnunuzi aombe kompyuta iwashwe. Abonyeze kitufe cha Windows pamoja na herufi R, aandike dxdiag, kisha abonyeze Enter. Jina kamili la kichakataji litaonekana kwenye kioo. Kibandiko cha nje kisitegemewe, kwa kuwa hubandikwa na kubanduliwa kwa urahisi.