Hata steji ya boda ina mwenyekiti. Wewe fizio una nani?

Kama umewahi kushuka ngazi kwa makalio kwa sababu goti limekataa kukunja, basi mimi na wewe ni ndugu.

Mwaka jana boda niliyokuwa nimeabiri kutoka Njoro iliteleza kwenye changarawe. Tukaenda chini sote: mimi, dereva, na mfuko wangu wa viazi. Hakuna aliyevunjika mfupa. Dereva alichubuka mkono na usukani wa pikipiki ukapinda. Mimi goti langu lilifura kama tikiti.

Sasa sikiza tofauti. Jioni hiyo hiyo, mwenyekiti wa steji yao alizunguka na daftari. Huyu soo moja, yule soo mbili, mwingine akaisukuma pikipiki hadi kwa fundi. Kufikia Jumamosi jamaa alikuwa amerudi barabarani.

Mimi nilipigwa eksirei, nikapewa tembe za maumivu na kuambiwa, "Tafuta fizio." Nimtafute wapi? Hakuna aliyesema. Jirani akanielekeza kwa mama fulani wa masaji, nikakandwa hadi nikaita jina la nyanya yangu. Goti likazidi kukasirika.

Wiki ya tatu ndipo nilipopata fizio wa kweli. Alikuwa dada wa rika langu hivi, amekodi chumba kimoja orofa ya pili hapa Nakuru mjini. Kitanda kimoja, mpira mkubwa wa mazoezi, mchoro wa uti wa mgongo ukutani. Alinishika goti, akanipa mazoezi manne, akaniambia, "Ungekuja wiki ya kwanza ungekuwa unatembea sasa." Aliniambia pia nisirudi kwa yule mama.

Nilienda mara tano. Mara ya sita nilikuta kufuli jipya mlangoni na karatasi imeandikwa "Chumba kinapangishwa."

Fikiria hapo. Dereva wa boda aliye na shida ana steji nzima nyuma yake. Dada aliyekaa darasani miaka minne, mwenye leseni, anafunga biashara na hakuna hata mwenzake mmoja anayejua.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, na wala sikuwa nikisomea tiba, kwa hivyo usinichukulie kama mhadhiri. Nimeuliza tu maswali mengi nikiwa nimelala kwenye kitanda cha fizio, mahali ambapo mtu hana la kufanya ila kuongea. Na nilichosikia kinakuhusu, uwe umesomea tiba ya viungo au una mgongo tu.

Kazi ipo, watu hawafiki

Usidanganywe kwamba Nakuru hakuna wagonjwa wa fizio. Huu ni mji uliopandishwa hadhi kuwa jiji Desemba 2021, na umekaa juu ya barabara kuu ya kuelekea Eldoret na magharibi. Unaijua Salgaa. Unaijua Sachangwan. Wanaonusurika kwenye ajali za huko hawaponi siku wanapotolewa plasta. Ndiyo kwanza wanaanza kujifunza kutembea.

Ongeza wafanyakazi wa mashamba ya maua Naivasha wanaoinama au kusimama kutwa. Ongeza mzee aliyepata kiharusi, mtoto mwenye mtindio wa ubongo, na mama anayebeba magunia sokoni. Ongeza wewe unayeandika kwenye simu shingo imeinama kama ya korongo.

Basi kwa nini kufuli?

Dada yule alinieleza kabla hajafunga. Madaktari wa karibu hawakumjua, kwa hivyo hawakumtumia mgonjwa hata mmoja. Wagonjwa waliojileta walikuja wamechelewa, wameshamaliza pesa kwingine. Mwenye kadi ya bima akiuliza "mnachukua hii?" jibu lilikuwa hapana, kwa sababu kampuni za bima alizoziandikia hazikuwa na haraka ya kuingia mkataba na chumba kimoja chenye kitanda kimoja. Kodi ya nyumba haingoji. Kanjo naye hangoji, kibali cha biashara ni lazima. Na chini barabarani kuna mtu anakanda watu kwa soo tatu na kujiita fizio.

Lakini kilichommaliza kabisa, alisema, ni kwamba kila fizio aliyemjua mjini alikuwa anamwona kama mpinzani. Akipata mgonjwa wa kiharusi, kitu ambacho hakukipenda wala hakukizoea, alimshikilia tu. Angemtuma wapi? Kwa adui?

Waliokataa kuitwa wakandaji

Hii shida ya fizio kuchanganywa na masaji ni ya kale kuliko Nakuru yenyewe. Mwaka 1894 huko London, jarida la British Medical Journal lilionya kwamba baadhi ya vyumba vya masaji jijini vilikuwa madanguro yaliyojificha. Wauguzi waliokuwa wakifanya kazi hiyo kwa uaminifu walijikuta wanatazamwa vibaya.

Wanawake wanne, Lucy Robinson, Rosalind Paget, Elizabeth Manley na Margaret Palmer, wangeweza kila mmoja kujitetea kivyake mlangoni mwake. Badala yake walianzisha chama mwaka huo huo. Wakaweka mtihani. Wakaweka kanuni za maadili. Aliyefaulu alikuwa na cheti cha kumwonyesha daktari. Chama hicho kilipata hati ya kifalme mwaka 1920, na leo ndicho Chartered Society of Physiotherapy cha Uingereza. Wale wanaojiajiri huko wana hata kundi lao mahususi, Physio First.

Sasa rudi nyumbani. Kenya tuna Sheria ya Wataalamu wa Fiziotherapia ya mwaka 2014. Hiyo ndiyo iliyounda Baraza la Fiziotherapia, linalosajili na kutoa leseni. Tuna pia chama cha kitaaluma, Kenya Society of Physiotherapists, ambacho ni mwanachama wa shirika la dunia, World Physiotherapy.

Angalia vizuri, hivi ni vitu viwili tofauti na vijana wengi huvichanganya. Baraza lipo kumlinda mgonjwa. Linaweza kukupa leseni na linaweza kukunyang'anya. Chama kipo kwa ajili yako na taaluma yako. Ukilipa leseni ya baraza halafu ukaudharau uanachama kwa sababu "hawanisaidii na chochote", umelipa askari lakini umekataa kuwa na ndugu.

Na sheria peke yake haimwondoi mtu wa soo tatu barabarani. Inampa aliye na leseni mahali pa kusimama anapolalamika. Sharti alalamike, na sauti moja hupuuzwa kirahisi.

Anza na watu watano

Najua unachofikiria. Chama ni cha wazee wa Nairobi, mikutano ni mirefu, chai ni baridi. Sawa. Basi anza na steji yako mwenyewe.

Tafuta mafizio watano wenye vyumba vyao, kuanzia Naivasha na Gilgil hadi Molo. Kutaneni mara moja kwa mwezi. Swali la kwanza lisiwe bei. Liwe hili: nani ni hodari katika nini? Mmoja anawaweza watoto, mwingine kiharusi, mwingine majeraha ya michezo. Hapo tayari mna sababu ya kutumiana wagonjwa badala ya kunyang'anyana. Ukimtuma mtoto kwa mwenzako leo, kesho atakutumia mchezaji aliyeteguka.

Pili, mwandikie daktari. Mgonjwa akija na barua ya rufaa, asirudi mikono mitupu. Andika ukurasa mmoja: nilimkuta hivi, nimefanya hivi, sasa anakunja goti hadi hapa. Daktari anayepata ripoti kama hiyo hatahitaji kuombwa mara ya pili. Ni mtandao wa bei nafuu kuliko bango lolote.

Tatu, nenda waliko watu wenye viungo. Nakuru ni mji wa raga. Nakuru RFC, wale Wanyore, wana uwanja wao, na Prinsloo Sevens ikija mji mzima unahamia pale. Fizio mchanga anayesimama pembeni ya uwanja na barafu na bendeji anajulikana na makocha, wachezaji na wazazi kwa wikendi moja. Ongea na wenyeji wa mashindano mapema, usivamie.

Nne, changieni vitu. Vitanda vitatu chini ya kodi moja ni bora kuliko kodi tatu na vitanda vitatu. Mkiwa watatu, hata bima inaona kituo badala ya chumba.

Lakini kuna mitego miwili. Msikae chini mkakubaliana kila mtu atoze bei ileile, kwa sababu Sheria ya Ushindani ya mwaka 2010 inakataza wafanyabiashara kupanga bei pamoja, na kuwa na chama si kinga. Zungumzeni ubora, mafunzo na mikataba, bei kila mtu na yake. Na lile kundi la WhatsApp lisiwe ukumbi wa picha za wagonjwa. Mgongo wa mtu ni siri yake. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inamlinda yeye.

Kutetea si kupiga kelele

Hapa ndipo vijana wengi hukata tamaa. Tunadhani utetezi ni maandamano au kutaja watu mitandaoni hadi usiku wa manane. Katiba yetu imekupa njia nyingine za bei rahisi. Kifungu cha 118 kinalitaka Bunge lishirikishe umma. Kifungu cha 119 kinampa kila mtu haki ya kuwasilisha ombi bungeni. Kifungu cha 196 kinalitaka bunge la kaunti lifanye vivyo hivyo, na hospitali za kaunti ziko mikononi mwa kaunti.

Tangu Oktoba 2024, SHA imechukua nafasi ya NHIF, na aliyeajiriwa anakatwa asilimia 2.75 ya mshahara. Mtu anayekatwa ana haki ya kuuliza: nikivunjika paja, bima yangu inaishia kwenye upasuaji, au inanifikisha hadi nitakapotembea? Swali hilo likiulizwa na fizio mmoja linasikika kama mtu anatafuta wateja. Likiulizwa na mafizio kumi, mwenyekiti wa steji ya boda na mama wa mtoto mwenye mtindio wa ubongo, ni jambo la umma.

Kwa hivyo tangazo la maoni likitoka gazetini, andikeni kurasa mbili. Tatizo, mfano, mnachotaka. Ondoeni majina ya wagonjwa. Pelekeni kabla ya siku ya mwisho, wekeni nakala iliyogongwa mhuri. Mkipuuzwa, mna ushahidi kwamba mlisema. Na kila Septemba 8, Siku ya Fiziotherapia Duniani, mnayo sababu ya bure ya kubisha mlango wa redio za hapa. Tarehe hiyo inaadhimisha kuanzishwa kwa shirika lao la dunia mwaka 1951. Tumieni.

Na wewe mwenye mgongo

Usiondoke. Kabla hujalala kitandani kwa mtu yeyote, muulize, "Leseni yako ya mwaka huu iko wapi?" Fizio wa kweli hatakasirika, wengi huitundika ukutani. Ukipona, mwambie daktari wako aliyekuponya ni nani. Kwa kliniki ya chumba kimoja, sentensi hiyo moja inaweza kuwa kodi ya mwezi.

Ningekuwa nimejua hayo, huenda lile kufuli lisingekuwepo.

Nilimpata tena yule dada miezi kadhaa baadaye, si mjini tena bali Section 58. Alikuwa ameajiriwa kwingine kwa muda, akachoka, akarudi. Safari hii mlangoni kuna majina matatu. Yeye ni magoti na migongo. Mwenzake ni watoto. Wa tatu, kaka mmoja mpole kupindukia, ni wazee wa kiharusi. Kodi wanagawana. Ukutani kuna leseni tatu, na kando yake karatasi ya mkono yenye orodha ya madaktari wa kuandikiwa ripoti kila Ijumaa.

Nikamuuliza bado anawaona wenzake kama maadui. Akacheka, akanikunja goti hadi nikanyamaza.

"Wewe uliniambia kuhusu ile steji," akasema. "Nikaona aibu."

Kama una leseni na chumba na huna wa kumpigia simu siku ukiumwa, nawe ona aibu kidogo. Halafu tafuta wanne. Ukipata, wewe ndiye wa tano.