Maumivu ya Nyonga Si Mzigo wa Kuvumiliwa Kimya

Kina mama wengi wenye maumivu ya nyonga huswali wameketi kitini. Sharia imempa ruhusa hiyo asiyeweza kusimama, na hana lawama. Hata hivyo, ruhusa ya ibada haikuondoa haja ya tiba, na Mtume (s.a.w.) ametuhimiza tujitibu.

Nyonga ni kiungo ambacho kichwa cha mfupa wa paja, kilicho mviringo kama mpira, huzunguka ndani ya kikombe cha mfupa. Gegedu laini huvifunika vyote viwili visisuguane. Gegedu likilika, maumivu mara nyingi husikika kinenani. Maumivu ya ubavuni mwa nyonga, yanayozidi mtu akilalia upande huo, aghalabu hutokana na kano za misuli ya makalio, nayo huwapata zaidi wanawake waliopindukia miaka 40. Yanayoteremka mguuni pamoja na ganzi huenda chimbuko lake ni uti wa mgongo. Maradhi yakiwa mbalimbali, kukandwa pekee hakuwezi kuwa dawa ya yote.

Tukiumwa, wengi wetu hujilaza. Misuli isiyotumika hulegea, kiungo kikaelemewa, na maumivu yakazidi. Mtaalamu wa fiziotherapia hutafuta kwanza asili ya maumivu, kisha hufunza mazoezi ya kuimarisha misuli. Mojawapo ni hili: lala chali, kunja magoti, nyayo zikae chini, inua makalio polepole, hesabu hadi 5, kisha shusha. Rudia mara 10. Maumivu madogo hayadhuru. Yakizidi hadi kesho yake, punguza. Nafuu huhitaji subira, aghalabu ya wiki 6 hadi 12.

Nyumbani, mwenye kuumwa asikalie mbuzi ya kukunia nazi, kwani kikao hicho cha chini huikunja nyonga mno. Bakora aishike kwa mkono wa upande usiouma.

Mzee aliyeanguka akashindwa kukanyaga asikandwe; apelekwe hospitali mara moja, huenda amevunjika. Vivyo hivyo mtoto anayechechemea, au maumivu yaliyoandamana na homa. Kijana mwenye selimundu, maradhi yanayojulikana sana hapa pwani, achunguzwe mapema nyonga ikimuuma, kwani kichwa cha mfupa huweza kukosa damu kikafa.

Wapo wanaochelewa kwa kuchelea stara. Mama ana haki ya kuomba mtaalamu wa kike, na kuingia na maharimu wake au mwanamke mwenzake.

Enyi waume na watoto, neno "ni uzee tu" limewafungia wengi mlango wa tiba. Mpelekeni mama, mkumbusheni mazoezi yake kila siku, na ndoo ya maji ibebwe na mwenye nguvu. Huo nao ni wema kwa wazazi, na malipo yake yako kwa Mwenyezi Mungu.