Sanamu Iliyokaa Ukimbizini Miaka 48

Mwezi huu tunakwenda mbali, India ya kusini, katika jimbo la Tamil Nadu. Huko katikati ya mto Kaveri kuna kisiwa, na kisiwani kuna hekalu la kale la Wahindu liitwalo Srirangam. Hatuandiki ili kumgeuza mtu dini yake. Tunaandika kwa sababu habari za hekalu hili, mkimbizi atazielewa haraka kuliko mtu mwingine.

Mji ndani ya kuta

Srirangam si jengo moja. Ni kuta 7, moja ndani ya nyingine, ua ndani ya ua. Nyua za nje zina nyumba za watu na maduka, za ndani ni za ibada tu. Kuna minara 21 iliyojaa sanamu. Mnara mkubwa kuliko yote una mita 72 hivi, na ulikaa karne nyingi bila kumalizika hadi mwaka 1987.

Ndani kabisa amelala mungu wao Ranganatha, juu ya nyoka mkubwa aliyejikunja. Sanamu hiyo haiondoki mahali pake. Ila kuna nyingine ndogo, ya kubebeka, ambayo siku za sikukuu watu huizungusha mitaani mabegani mwao. Shikeni hiyo ndogo, ndiyo yenye kisa chetu.

Kwa nini anatazama kusini

Hadithi yao inasema hivi. Vibhishana, ndugu wa mfalme wa Lanka, alipewa zawadi ya sanamu na mfalme Rama akaipeleke kwao. Akaambiwa: usiitue chini njiani. Alipofika mto Kaveri akataka kuoga na kusali, akaitua. Kuinua tena, haiinuki! Akalia sana. Ndipo mungu akamwambia: nitabaki hapa, lakini uso wangu utatazama kusini, kwenu Lanka, siku zote. Mpaka leo sanamu ile kubwa imelala ikitazama kusini.

Ibada za kila siku na za mwaka

Alfajiri milango ikifunguliwa, ng'ombe na tembo huletwa mbele ya mungu, na watu wamejaa wakingoja. Sikukuu kubwa ni Vaikuntha Ekadashi, mwezi wa Desemba au Januari. Inachukua siku 21. Siku hizo husomwa mashairi ya Kitamil ya watakatifu wao wa zamani, yapata beti 4,000. Upande wa kaskazini kuna mlango unaoitwa mlango wa mbinguni. Hufunguliwa wakati wa sikukuu hiyo tu, kabla ya jua kutoka, na umati wa watu hupita nyuma ya sanamu ndogo.

Siku ya kukimbia

Sasa tufike kwenye kisa. Mwaka 1323 jeshi la sultani wa Delhi lilikuja kusini. Watu wa hekalu walijenga ukuta wa mawe kuificha sanamu kubwa. Ile ndogo wakaibeba wakakimbia nayo, wakiongozwa na mwalimu wao Pillai Lokacharya, mzee sana. Mzee hakufika mbali. Alifia njiani, karibu na Madurai.

Waliobaki nyuma yaliwapata makubwa. Masimulizi yanasema mwalimu mwingine, Vedanta Desika, alijilaza kati ya maiti usiku kucha. Alikuwa na watoto wawili wa mwenzake pamoja na kitabu alichoandika baba yao. Hivyo watoto na kitabu wakapona.

Wale wenye sanamu walitangatanga misituni na milimani, wakapita nchi za Kerala na Karnataka za leo, wakakaa muda mrefu Tirupati. Huko kote hawakuacha ibada yao. Mwaka 1371 jemadari Gopanna wa ufalme wa Vijayanagara alipata ushindi, akairudisha sanamu nyumbani. Hesabu wewe mwenyewe: miaka 48. Aliyeondoka mtoto alirudi mzee, na wengi waliorudi walikuwa wamezaliwa njiani.

Dobi kipofu

Lakini kurudi si kufika tu. Kumbe pale hekaluni palikuwa pameshawekwa sanamu nyingine. Ikawa ubishi: ya kweli ni ipi? Waliokuwa wakiijua walikuwa wamekufa. Basi akatafutwa dobi mmoja, mzee, kipofu, aliyekuwa akifua nguo za sanamu zamani. (Neno letu dobi nalo limetoka India.) Sanamu zote mbili zikaogeshwa, na mzee akapewa maji yaliyokamuliwa kwenye nguo zao. Akayaonja, akasema: Namperumal! Maana yake, huyu ndiye bwana wetu. Jina hilo ndilo inaloitwa sanamu ndogo mpaka leo. Na ile nyingine haikutupwa, nayo iliwekwa humo humo.

Masimulizi mengine yanasema wakati mmoja wa vita hivyo sanamu ilifikishwa hadi Delhi. Binti wa sultani akaipenda, na iliporudishwa kusini akaifuata. Binti huyo Mwislamu ana mahali pake hekaluni, amechorwa ukutani. Na kwa kuwa kwao ni watu wa ngano, si wali, huandaliwa chapati na siagi. Yaani aliyetoka kwa adui amepewa chakula cha kwao.

Ya kuzungumza nyumbani

Tumeondoka wengi bila picha, bila cheti, wengine bila kiatu. Aliyeitambua sanamu hakuwa kuhani wala mkubwa wa mji, alikuwa dobi aliyekumbuka kazi ya mikono yake. Wazazi, jioni moja wekeni watoto chini na muulizane:

1. Nyumbani tulitoka na kitu gani ambacho bado tunacho, hata kama ni wimbo, jina au namna ya kupika?
2. Ni nani kati yetu anayekumbuka mahali petu, mto wetu, majirani zetu, na je, ameshawasimulia watoto?
3. Tukirudi tukakuta wengine wamekaa pale, tutaishi nao vipi?

Bibi na babu waanze wao. Tuonane mwezi ujao.