Sura ya Nne: Siku Isiyo na Mwanya

Ofisi nyingi humsifu mtu mwenye shughuli. Anayepita mbio kwenye korido, mafaili kwapani na simu sikioni, huyo ndiye mchapakazi. Aliyetulia kwenye kiti chake huulizwa kama leo hana kazi. Kwa kipimo hicho, kupanga muda ni kuijaza siku: kikao saa 3, kingine saa 4, taarifa saa 5, wageni kuanzia saa 6, na ikibaki nusu saa itafutiwe cha kufanya.

Sura hii inatetea kinyume chake. Siku iliyojaa pomoni huchelewesha kazi, tena kwa kiasi ambacho hakuna anayeweza kukikisia kwa macho. Uvivu na utovu wa nidhamu havihusiki hapa. Kinachohusika ni hesabu, na msingi wa hesabu hiyo uliwekwa zaidi ya miaka 100 iliyopita.

Hesabu iliyoanzia kwenye simu

Mwaka 1908 mwanahisabati wa Denmark, Agner Krarup Erlang, alianza kazi katika kampuni ya simu ya Copenhagen. Enzi hizo simu ziliunganishwa kwa mkono, na kampuni ilitaka kujua iwe na laini ngapi na wahudumu wangapi ili wateja wasingoje kupita kiasi, nayo isilipe mishahara ya watu wanaokaa bure. Mwaka 1909 Erlang alichapisha andiko lililoonyesha kwamba simu huingia bila mpangilio: dakika hii haiingii hata moja, dakika inayofuata zinaingia tatu kwa mpigo. Kazi yake ndiyo iliyozaa taaluma ya foleni, ambayo leo hutumika katika hospitali, bandari na mitandao ya kompyuta.

Tuilete hesabu hiyo kwenye kaunta ya ofisi ya umma. Tuseme afisa mmoja humhudumia mtu kwa wastani wa dakika 10, hivyo kwa saa moja anaweza kuhudumia watu 6. Wakija watatu kwa saa, nusu ya muda wake ina kazi na nusu iko wazi; anayefika atangoja kwa wastani dakika 10 kabla ya kuitwa. Wakiongezeka hadi asilimia 80 ya muda wa afisa iwe imeshikwa, kungoja kunafika dakika 40. Kwenye asilimia 90 ni dakika 90. Kwenye asilimia 95 ni dakika 190, yaani saa tatu na ushei.

Tazama hatua ya mwisho. Kutoka asilimia 90 hadi 95, afisa ameongezewa mtu mmoja tu kwa kila saa tatu na kidogo. Kasi yake ni ileile. Lakini muda wa kungoja umezidi maradufu. Ndiyo maana mtumishi aliyezoea kubeba mzigo mkubwa bila shida hushangaa kwamba kazi moja ndogo iliyoongezwa juu imevuruga wiki nzima.

Hesabu hii inahusu mahali ambapo watu huja bila miadi na shida zao hazifanani: mmoja anataka muhuri tu, mwenzake ana mgogoro wa mirathi. Wangekuwa wanafika mmoja mmoja kila baada ya dakika 10, na kila mmoja anamaliza kwa dakika 10 barabara, afisa angefanya kazi mfululizo na foleni isingekuwepo. Mwaka 1961 Mwingereza John Kingman alitoa kanuni inayounganisha mambo hayo mawili: kungoja hukua kadiri muda unavyojazwa, na hukua pia kadiri mambo yanavyopishana. Mashine ya kujaza soda chupani inaweza kuendeshwa karibu na kikomo chake, kwa sababu chupa zote ni sawa. Ofisi hushughulika na watu, na watu hawafanani.

Hata asiyepokea wageni ana kaunta yake. Barua pepe, ujumbe kwenye kundi la WhatsApp la idara, mkuu anayeita ghafla, mwenzako anayekuja na "samahani, dakika moja tu": hao wote ni wateja wasio na miadi. Ratiba iliyojazwa vikao tangu asubuhi imeshakaribia asilimia 95 kabla mmoja wao hajabisha hodi.

Mafaili yaliyo mezani

Mwaka huohuo wa 1961, Mmarekani John Little alithibitisha kanuni nyingine, fupi mno. Idadi ya kazi zilizo mkononi ni sawa na idadi ya kazi zinazopita kwa siku, mara siku ambazo kila kazi inakaa. Kama una mafaili 40 na kwa wastani yanatoka matano kwa siku, kila faili linakaa siku 8. Ukikubali mengine mpaka yawe 60, na bado yanatoka matano, kila moja litakaa siku 12. Aliyeleta faili lake leo ameongezewa siku nne, ingawa hakuna aliyezembea.

Hapa ndipo jibu la "tunalishughulikia" linapotudanganya wenyewe. Kufungua faili, kuandika dokezo na kulirudisha kwenye trei huleta hisia kwamba kazi imeanza kusogea. Kwa mwananchi anayesubiri, haijasogea. Njia ziko mbili: kuongeza yanayotoka kwa siku, au kupunguza yaliyofunguliwa kwa wakati mmoja. Ya kwanza hutaka vifaa, mafunzo na watu. Ya pili unaweza kuianza kesho asubuhi.

Kuna sababu nyingine ya kupunguza. Mwaka 2009 mtafiti Sophie Leroy alichapisha matokeo ya majaribio kuhusu watu wanaoacha kazi moja katikati na kuhamia nyingine. Aligundua kwamba sehemu ya mawazo yao hubaki kwenye kazi waliyoiacha, na kazi mpya huathirika. Kwa hiyo mafaili 60 hayangoji tu. Yanapunguza hata yale matano yanayotoka. Mshika mbili moja humponyoka, na wakati mwingine humponyoka zote mbili.

Kwa nini tunajaza kupita kiasi

Kama hasara ni kubwa hivi, mbona tunaendelea kujaza? Sababu moja ni kwamba tunakadiria vibaya. Daniel Kahneman na Amos Tversky waliieleza tabia hiyo mwaka 1979: mtu anapopanga, huitazama kazi iliyo mbele yake na kufikiria itakavyokwenda, badala ya kutazama kazi za aina hiyo zilichukua muda gani huko nyuma. Mwaka 1994 Roger Buehler na wenzake walichapisha utafiti uliofanyika Kanada, ambapo wanafunzi waliokuwa wakiandika tasnifu waliulizwa watamaliza lini. Wastani wa makadirio ulikuwa siku 34. Wastani wa siku walizotumia kweli ulikuwa zaidi ya 55. Walipoulizwa itachukua muda gani mambo yakienda vibaya kabisa, walisema kama siku 49. Hata ubaya waliouwazia haukufikia hali halisi.

Dawa yake haina mvuto, ila inafaa: acha kukisia, tazama kumbukumbu. Peter Drucker, katika kitabu chake cha mwaka 1967 kuhusu utendaji wa viongozi, alishauri mtu aanze kwa kuandika muda wake unakwenda wapi, kabla ya kuupanga. Kama taarifa tatu za robo mwaka zilizopita zilichukua siku nne kila moja, ya nne haitachukua mbili kwa sababu safari hii umeazimia.

Mwanya ukae wapi

Kuna pingamizi zito, nalo ni la kweli. Ukiacha nafasi, si itaoza? Mwaka 1955 Cyril Northcote Parkinson aliandika katika gazeti la The Economist kwamba kazi hutanuka mpaka ijaze muda uliotengewa. Alitoa mfano wa jeshi la majini la Uingereza: kati ya mwaka 1914 na 1928 meli kubwa za kivita zilipungua kutoka 62 hadi 20, huku maofisa wa makao makuu wakiongezeka kutoka 2,000 hadi 3,569. Meli zilikwisha, makaratasi yakastawi. Msimamizi yeyote ameona jambo hilo kwa kiwango kidogo: barua ya ukurasa mmoja iliyopewa wiki nzima hutoka Ijumaa jioni.

Lakini Parkinson alizungumzia muda wa ziada uliowekwa *ndani* ya kazi. Huo ndio unaooza. Kazi ya siku mbili ikipewa tano, zile tatu zitaliwa na kuahirisha. Mwanya unaotetewa hapa hukaa *kati* ya kazi na kazi, na haumilikiwi na kazi yoyote. Eliyahu Goldratt alijenga juu ya wazo hilo katika kitabu chake cha mwaka 1997 kuhusu miradi: kila hatua ipewe muda wa kubana, na akiba yote ikusanywe mahali pamoja ambapo wote wanaiona. Hatua moja ikikwama, akiba inafidia. Isipokwama, akiba inabaki nzima.

Tuuweke mpango huo kwenye wiki. Sheria ya ajira ya Tanzania ya mwaka 2004 inaweka kikomo cha saa 45 za kawaida za kazi kwa wiki. Ukitenga asilimia 80 kwa mambo yaliyopangwa, una saa 36. Saa 9 zinazobaki hazina jina, na zisipewe jina Jumatatu. Zigawe kwa siku, kwa mfano kipande kimoja kabla ya chakula cha mchana na kingine karibu na kufunga, viwe vya kupokea yasiyotarajiwa. Siku ambayo hakuna kilichoingia, vuta faili la kesho.

Kisha punguza kupishana kwa mambo. Saini zikusanywe zipitishwe mara mbili kwa siku. Simu zisizo za dharura zipigwe kwa mkupuo. Wenye mashauri marefu wapewe miadi, na wanaohitaji muhuri wawe na dirisha lao, ili mgogoro wa mirathi usiwasimamishe watu ishirini. Hatua hizi haziongezi saa hata moja, lakini Kingman ameshatuonyesha kwa nini foleni hupungua.

Sehemu ngumu ni kazi inayotoka juu. Kwa mkuu haisemwi "nimejaa". Husemwa hivi: "Mkuu, ninayo taarifa ya robo mwaka ya kukabidhi Alhamisi, na hili dokezo la Katibu. Hii mpya niianze sasa, au ifuate baada ya taarifa?" Hujakataa kazi. Umempa mwenye mamlaka uamuzi ulio wake: ni kipi kitangulie. Mara nyingi atachagua bila kinyongo, kwa sababu hakuwa anajua kilichokuwa mezani kwako.

Anayeongoza wengine naye abadilishe anachopima. Akiendelea kuhesabu nani anaonekana ana shughuli, watu watajaza siku zao ili waonekane. Afuatilie badala yake tarehe mbili zilizo kwenye kila jalada la masjala: siku barua ilipoingia na siku jibu lilipotoka. Siku hizo zikipungua mwezi hadi mwezi, afisa aliyekutwa ametulia saa 5 asubuhi hana haja ya kutoa maelezo.