Kifua cha Mchimbaji na Jina Lililo Karatasini

Wanaoswali nasi hapa Soweto, Mbeya, wamekwisha kukizoea kikohozi cha mzee wetu mmoja wa safu ya kwanza. Alfajiri husikika tangu mbali, na akifika hukaa kwanza kwenye ngazi mpaka pumzi imrudie, ndipo aingie. Kwa miaka mingi tuliamini ana kifua kikuu. Mara tatu alianzishiwa dawa, na mara zote tatu makohozi yake hayakuonyesha vijidudu. Hakuna aliyemuuliza ujanani alifanya kazi gani. Alipoulizwa, alijibu neno moja: "Joni."

Mtaa wetu umebeba jina la kitongoji cha Johannesburg, lakini vijana wachache wanajua kwamba watu wa Rungwe na Kyela walikwenda huko wenyewe. Shirika la WENELA, lililokusanya vibarua wa migodi ya dhahabu ya Afrika Kusini, liliandikisha wanaume wa Nyanda za Juu Kusini tangu zama za Mwingereza. Baada ya Uhuru wa 1961 serikali yetu ikaufunga mlango huo, kwani haikukubali kuwapelekea makaburu nguvu za watu wake. Wapo waliovuka Mto Songwe wakaandikishwa ng'ambo kama Wamalawi. Mzee wetu alikuwa miongoni mwao. Alikwenda mara ya kwanza 1969, akarudi mkataba baada ya mkataba hadi 1986, isipokuwa ile miaka ambayo Malawi iliwazuia vijana wake baada ya ndege ya WENELA kuanguka Francistown, Aprili 1974.

Mwamba wa dhahabu una silika. Ukitobolewa na kulipuliwa hutoa vumbi laini lisiloonekana kwa macho, likapenya hadi ndani kabisa ya mapafu na kuacha makovu. Ugonjwa huo, silikosisi, huweza kujitokeza miaka mingi baada ya mtu kuiacha kazi, nao hauna dawa ya kuuponya. Tena humweka mgonjwa karibu zaidi na kifua kikuu chenyewe, ndiyo maana magonjwa haya mawili huchanganywa. Basi tunaziomba familia zenye wazee wa namna hii zimweleze daktari historia ya kazi hata kama hakuuliza.

Kuhusu haki yao, Afrika Kusini ina sheria ya mwaka 1973 ya maradhi ya migodini, ila malipo yake yalikuwa haba. Mchimbaji Thembekile Mankayi, aliyefanya kazi mgodini miaka 16, alilipwa randi 16,320 tu. Akamshitaki mwajiri wake, na mwezi Machi 2011 Mahakama ya Katiba ikaamua kwamba malipo yale hayamzuii kudai zaidi. Yeye mwenyewe alikuwa amefariki siku chache kabla ya hukumu. Mlango alioufungua ndio uliozaa makubaliano yaliyoidhinishwa na mahakama mwaka 2019, ambapo makampuni 6 yalitenga takriban randi bilioni 5, na Mfuko wa Tshiamiso ukaundwa kuzigawa. Wanaohusika ni waliofanya kazi katika migodi iliyotajwa kati ya tarehe 12 Machi 1965 na 10 Desemba 2019, pamoja na wategemezi wa waliofariki. Anayekataliwa kwa sababu za kitabibu anaweza kuomba picha na vipimo vyake vitazamwe upya na jopo jingine.

Mzee wetu hakukwama kwenye picha ya kifua. Alikwama kwenye jina. Mgodini aliandikwa kwa jina la ukoo wa mjomba wake na kijiji cha Malawi. Kitambulisho chake cha leo kina jina alilolichukua aliposilimu. Faili likarudi. Hatuwezi kumlaumu karani, kwani sisi wenyewe tulilipeleka bila maelezo, kwa haraka ya watu wasiojua.

Hapo ukatokea ushauri ambao tunauandika kwa aibu kidogo. Jamaa mmoja alisema yupo mtu ng'ambo anayeweza kupata karatasi za Kimalawi kwa jina lile la zamani, na mambo yakaisha. Mzee alinyamaza, akakohoa, kisha akasema: "Jina lile la uongo lilinipa kazi. Sitaki linipe na pesa."

Tukaanza upya. (Kijana mmoja aliuliza kama fidia hii ni halali, fidia ya jeraha ina mlango wake katika vitabu vya fiqhi, hatukubishana sana.) Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya al-Baqara, inahusu kuandikiana deni na kuweka mashahidi, nasi tuliosoma tumekuwa tukiisomesha bila kuitumia. Tulimpeleka kwa wakili akaapa kwamba majina yote mawili ni yake, na kwa nini. Kijitabu chake cha kazi kilipatikana ndani ya sanduku la mkewe, kimefungwa kwenye khanga pamoja na kadi zote za hospitali. Mama huyo hajui kusoma, lakini hakutupa hata karatasi moja kwa miaka hiyo yote.

Shahidi tulimpata Kyela, mzee aliyelala naye bweni moja mgodini. Naye anakohoa. Alipomaliza kuweka dole gumba kwenye kiapo cha mwenzake, alituuliza kama yeye pia anaweza kuandikiwa. Faili la kwanza limekwisha kupelekwa tena, la pili tunaliandaa.