Korongo Mwenye Mkuki Shingoni

Haya wajukuu, sogeeni. Leo siwaitikishi "uongo njoo, utamu kolea", maana haya yametokea kweli.

Jumamosi alfajiri tunashuka kutoka Mabatini hadi Capri Point, tupande boti kwenda Saanane. Kisiwa kina jina la Mzee Saanane Chawandi, aliyeishi pale kabla serikali haijafungua bustani ya wanyama mwaka 1964. Tangu 2013 ni hifadhi ya taifa, ndogo kuliko zote nchini. Wenzenu watakimbilia swala na pimbi wa kwenye mawe. Waacheni. Sisi tunafuata ndege.

Mnandi mtamkuta juu ya jiwe akianika mbawa. Furukombe, yule tai wa ziwani mwenye kichwa cheupe, mtamsikia kabla hamjamwona. Hao ni wenyeji, mwaka mzima wapo. Lakini huu ni Machi, na ninaotaka sana muwaone ni wageni wanaoaga.

Mtazameni mbayuwayu mwenye koo jekundu na mkia wa panda mbili. Uzito wake ni gramu 20 hivi, na chakula chake ni wadudu warukao. Baridi ikiingia Ulaya wadudu hao hutoweka, naye hukimbilia kwetu. Sasa kule baridi inakwisha na mchana unarefuka, kwa hiyo mzazi anapata saa nyingi za kuwindia makinda. Ndiyo maana anarudi kutaga huko. Amejuaje, na hapa karibu na ikweta mchana haubadiliki sana? Mwili wake una saa yake ndani, na saa hiyo haimdanganyi.

Zamani wasomi wa Ulaya walibishana sana: ndege hawa hupotelea wapi? Wapo walioamini kwamba mbayuwayu hulala kwenye matope chini ya maziwa! Kisha mwaka 1822, karibu na Klütz, Ujerumani, akapigwa risasi korongo mweupe. Kumwendea, wakakuta shingo yake imetobolewa na mkuki, umeingia huku na kutokea kule, urefu wake karibu sentimita 80. Mkuki wa Afrika! Basi jibu likaonekana: ndege hao huja huku kwetu.

Fikirini safari yake. Korongo hupaa kwa kupandia hewa ya moto inayoinuka kutoka ardhini, na juu ya bahari hewa hiyo ni haba. Basi wanaotoka huku kwetu huzunguka kwa nchi kavu, wakapita Misri, Sinai na Uturuki, maelfu ya kilometa. Yeye alifika Ujerumani na mkuki mwilini, maana korongo hao hurudi kutaga kule. Mpaka leo yupo Chuo Kikuu cha Rostock, amekaushwa, mkuki shingoni. Mimi kila nikimfikiria namheshimu.

Ndugu zake wanaoshinda Serengeti wakila nzige na viwavi, nao wanaanza kuondoka majira haya. Tukibahatika kuwaona wakizunguka juu, msipige kelele wala kurusha mawe. Ninyosheeni kidole tu. Vaeni nguo za rangi iliyofifia, na mwenye darubini kwao aje nayo, tutapokezana.